Lac Vert: Choo juu ya mawe, historia ya usafi tuliojifunza kwa machozi

Goma, kata ya Lac Vert. Siku ya posho asubuhi, katika parseli nyingi za kata hii, mlango wa choo unafunguliwa na kuachwa wazi. Bidoni ya maji inateremshwa mgongoni, majivu yanatolewa jikoni, brosi inatafutwa. Watu huiona kazi hiyo kuwa ndogo, kazi ya mama na wasichana, isiyostahili kutangazwa. Lakini hapa familia moja imepokea familia mbili au tatu nyingine, na choo kimoja kinaweza kutumiwa na watu 20, 30 au zaidi. Namna kinavyosafishwa inaweza kuamua kama mtoto wa parseli atalala kwenye mkeka wa nyumbani au kwenye kitanda cha wagonjwa wa kipindupindu.

Usafi huo una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea hapahapa, kwenye barabara ya Goma kwenda Sake.

Ardhi isiyochimbika

Lac Vert imepata jina lake kutokana na ziwa dogo la kijani lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani, karibu na Ziwa Kivu. Ardhi yote ya hapa ni mawe ya volkano. Mahali pengine mtu hushika jembe na kuchimba choo kwa siku chache. Hapa inahitajika nyundo kubwa, mtalimbo na mikono yenye malengelenge, na mara nyingi mchimbaji huishia mita moja au mbili tu. Ndiyo sababu vyoo vingi vya Goma vimeinuliwa juu ya ardhi kwa kuta za mawe, na mtu hupanda ngazi ili aingie.

Kuna hatari nyingine ambayo wakaaji wa Lac Vert, Bulengo na Mugunga wanaijua kwa jina la mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni inayotoka chini ya ardhi na kujikusanya mahali pa bondeni, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haina rangi, na imekwisha kuua watu na mifugo. Anayechimba shimo la choo, au anayesafisha chumba cha kuogea kilichojengwa bondeni, hupaswa kungoja jua na upepo. Taa ikizimika ndani ya shimo, hilo ni onyo. Lakini taa ikiendelea kuwaka, hiyo bado si ruhusa ya kushuka.

Mwezi wa saba 1994

Katikati ya mwezi wa saba 1994, watu mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache tu. Walielekezwa Kibumba na Katale upande wa kaskazini, na Mugunga upande wa magharibi, jirani kabisa na Lac Vert. Hakukuwa na vyoo. Watu walijisaidia kandokando ya barabara, kati ya mawe na karibu na ziwa, kisha wakateka maji ya kunywa katika ziwa hilohilo.

Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 20 ya mwezi huo. Baada yake kukaja ugonjwa wa kuhara damu. Utafiti wa waganga uliotolewa mwaka 1995 ulionyesha kwamba karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mawe yaliyozuia kuchimba vyoo yalizuia pia kuchimba makaburi. Maiti zilifungwa ndani ya mikeka na kulazwa kandokando ya barabara, zikingoja magari ya kuzibeba. Wazee wa Mugunga na Lac Vert walioishi siku hizo hawahitaji kusomewa.

Dawa ya kipindupindu ilikuwa inajulikana: maji safi yenye chumvi na sukari, na serumu kwa wanaozidiwa. Kilichokosekana kwanza ni maji yaliyotakaswa na mahali pa kujisaidia pasipofika majini.

Kipimo cha watu 20

Jambo moja halijulikani sana katika kata. Baada ya msiba ule, mataifa na mashirika yalifanya uchunguzi mkubwa juu ya msaada uliotolewa kwa wakimbizi wa Rwanda. Ripoti yake ilitoka mwaka 1996, nayo ilionyesha wazi kwamba watu wengi walikufa kwa makosa ambayo yangeweza kuepukwa. Mwaka uliofuata, 1997, mashirika yalianzisha mpango unaoitwa Sphere ili kuandika vipimo ambavyo kila kambi duniani inapaswa kufikia.

Ndani ya vipimo hivyo mna hivi viwili: maji yasiyopungua litre 15 kwa kila mtu kwa siku, na choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Mwanzoni mwa dharura, watu 50 kwa choo wanavumiliwa, lakini kwa muda mfupi tu. Leo mhandisi anayejenga vyoo vya wakimbizi Bangladesh au Chad hufuata namba hizo, na sehemu ya sababu za kuandikwa kwake ni vifo vya Goma. Inauma kuona kwamba katika Goma yenyewe bado kuna parseli na maeneo ya wahamishwa yasiyoufikia mstari huo.

Javeli ilitoka wapi

Chupa ya javeli inayouzwa katika kila duka la mtaa nayo ina safari yake. Javel kilikuwa kijiji karibu na Paris, nchini Ufaransa. Katika miaka ya 1780, mwanakemia Berthollet alitengeneza maji ya klori, na kiwanda cha Javel kikayauza kwa ajili ya kung'arisha nguo. Mwaka 1847, daktari Semmelweis wa hospitali ya Vienna aliwaamuru waganga wanawe mikono kwa maji ya klori kabla ya kuwagusa mama wanaojifungua, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Wenzake wengi hawakumwamini. Mwaka 1854, daktari Snow wa London alionyesha kwamba kipindupindu kilikuwa kinatoka katika pampu moja ya maji ya mtaa, wakati wengi walisema ni hewa mbaya.

Somo la wale wawili ni hili: ugonjwa unaweza kupita kwenye maji na mikono; kipindupindu chenyewe kinatoka katika uchafu wa mtu na kuingia kinywani. Choo kisicho na harufu si lazima kiwe choo kisicho na ugonjwa.

Volkano, Ebola na vita

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ililipuka na moto wake ukapita katikati ya mji. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ililipuka tena, mabomba na tanki la maji vikaharibika, na karibu watu nusu milioni wakabaki bila maji ya bomba. Siku chache baadaye, walipoamriwa kuondoka, maelfu walipita hapa Lac Vert wakielekea Sake, kila mmoja na bidoni yake.

Kati ya misiba hiyo miwili kulikuwa na Ebola. Mgonjwa wa kwanza wa Goma alithibitishwa tarehe 14 mwezi wa saba 2019. Ndoo za kunawia mikono ziliwekwa kwenye milango ya makanisa, maduka na shule. Mji wenye watu wengi hivi ulimaliza mlipuko huo na wagonjwa wanne tu. Wakaaji waliona kwa macho yao kwamba klori na sabuni zinaweza kusimamisha kifo.

Kisha vita vikarudi. Tangu 2022, wahamishwa kutoka Rutshuru, Nyiragongo na Masisi walijaa Bulengo, Lushagala, Mugunga na Lac Vert, chini ya bashe zilizosimikwa juu ya mawe. Katika miezi saba ya kwanza ya 2023 peke yake, Unicef ilihesabu katika Kivu ya Kaskazini zaidi ya watu 21,400 waliougua au kushukiwa kuugua kipindupindu. Zaidi ya 8,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024, mabomu yaliangukia wahamishwa wa Lac Vert na Mugunga, wakauawa watu wakiwemo watoto. Mwezi wa pili 2025, baada ya mji kuanguka, kambi zilivunjwa. Wengine walirudi vijijini. Wengine walibaki katika nyumba za ndugu na marafiki, na vyoo vya parseli vikapokea mzigo uliokuwa wa kambi nzima.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Yaliyofundishwa na miaka hiyo yote yanaingia katika kazi ya saa moja.

Kwanza, fungua mlango na uache hewa ipite. Vaa viatu vilivyofungwa na glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hazipatikani. Fagia uchafu mkavu kabla ya kumwaga maji.

Pili, osha kwa sabuni na brosi: kuta hadi urefu wa kiuno, kisha mlango na mahali unaposhikwa, kisha sakafu, na tundu liwe la mwisho. Maji ya sabuni yaliyobaki baada ya kufua yanafaa, maana bidoni ya litre 20 ina bei na inachosha mgongo. Hatua hii isirukwe, kwa sababu klori hupoteza nguvu juu ya uchafu.

Tatu, suuza, kisha paka javeli. Kama chupa imeandikwa 3.5%, changanya kipimo kimoja cha javeli na vipimo sita vya maji. Kwa unga wa klori wa 65 hadi 70%, gramu 15 katika litre mbili za maji zinatosha. Acha dakika kumi, kisha suuza. Mchanganyiko utengenezwe siku ileile, maana jua huuua.

Javeli isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia vigae wala dawa nyingine: moshi wake unaharibu mapafu. Isimwagwe yote shimoni, haina kazi huko. Majivu yanatosha kupunguza nzi na harufu. Brosi ya choo isivuke kwenda jikoni.

Nne, osha vifaa, nawa mikono kwa sabuni, na uache maji na sabuni karibu na mlango kwa atakayefuata.

Mtu akiharisha maji kama ya mchele, apewe maji ya chumvi na sukari akiwa njiani kwenda kituo cha afya, bila kungoja kesho. Choo kisafishwe siku hiyohiyo.

Familia zinazokaa pamoja hugawana zamu za kupika na za kuteka maji. Zamu ya choo nayo iandikwe, na baba na vijana waingie ndani yake kama wengine. Mwaka 1994 watu hawakuwa na maji, sabuni wala mahali pa kujisaidia. Leo, pale ambapo kuna ndoo moja ya maji, kipande cha sabuni na kifuniko kidogo cha javeli, kuna njia ya kuwalinda watoto ambayo wale waliolazwa kandokando ya barabara ya Sake hawakuipata.