Gobore na Umbali wa Vita

Tunaposimuliana jinsi babu zetu walivyoshindwa na Wajerumani, lawama nyingi hubebeshwa gobore. Lawama hiyo ina msingi. Mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna michirizi ya kuizungusha risasi, na risasi yenyewe ni ndogo kuliko mtutu ili ishindilike upesi. Ikitoka huyumba, na ikipita mita 100 mpigaji hana hakika ya kumpata mtu mmoja. Kushindilia nako kunataka muda: hata mzoefu hufyatua mara mbili au tatu tu kwa dakika, na baruti ikilowa hafyatui kabisa. Askari wa Kijerumani alibeba Mauser ya mwaka 1871, inayojazwa kwa nyuma na kupiga mita mia kadhaa. Mkataba wa Brussels wa 1890 nao ulizuia silaha za namna hiyo zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na michirizi. Je, wakoloni wangeliruhusu gobore kama lingekuwa la kuogopwa?

Swali hilo ni zito, ila limelipima gobore uwandani tu. Ubora wa Mauser ulikuwa katika umbali, na umbali ukiondoka, sehemu kubwa ya ubora huo huondoka nao. Watu wa mtemi Isike wa Unyanyembe walilijua hilo. Bunduki zao nyingi zilikuwa magobore, lakini walipiga wakiwa nyuma ya kuta za boma karibu na Tabora. Huko mtu alishindilia akiwa amejikinga, na adui ndiye aliyelazimika kusogea. Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia boma hilo zaidi ya mara moja bila kuliteka. Lilianguka Januari 1893, na Isike akajilipua katika ghala lake la baruti.

Yupo atakayesema kuwa ushindi mkubwa kuliko wote, wa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ulipatikana kwa mikuki zaidi ya bunduki. Ni kweli, na ndiyo hoja yenyewe. Kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski kilikuwa na bunduki bora, lakini Wahehe wa Mkwawa walichomoka vichakani hatua chache kutoka msafara, na bunduki hizo hazikupata nafasi ya kusema. Kinyume chake, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa vita vya Majimaji waliiendea ngome ya Mahenge peupe mbele ya bunduki za rashasha, wakaanguka kwa wingi. Ujasiri haukuwapungukia, walichokosa ni kichaka cha Lugalo na ukuta wa Isike. Kwa hiyo tusiwapime wazee wetu kwa chuma walichoshika pekee. Tuwapime pia kwa mahali walipochagua kusimama, kwa kuwa akili yao ya vita ilionekana hapo, nasi tumechelewa kuiheshimu.