Pakiti, Itifaki na Kiini: Istilahi Tatu kwa Wanaojiandaa kwa Usaili

Kijana aombaye kazi ya kuangalia mitambo ya kompyuta hana budi kujibu maswali ya msingi katika usaili: pakiti ni nini, itifaki ni nini, Linux ni nini? Aghalabu waombaji hukariri majibu kama mtu asomaye dua asiyoijua tafsiri yake. Swali likigeuzwa kidogo tu, hunyamaza. Twaona kuwa historia ya istilahi hizo yaweza kuwafaa zaidi.

Katika miaka ya 1960 Donald Davies, wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, alibuni njia ya kupeleka taarifa kwa kuigawa katika vipande vidogo, kila kimoja na anwani yake. Alipotafuta jina la kipande hicho alimshauri mtaalamu wa lugha, ili apate neno litakalohamia lugha nyingine bila taabu. Kwetu halikupata taabu: pakiti ilikuwa dukani tayari, imejaa majani ya chai.

Itifaki ina asili ya Kiarabu, na maana yake ni mapatano. Ndivyo ilivyo hasa. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha utaratibu wa kuunganisha mitandao mbalimbali, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ukaanza kufuata mapatano ya TCP na IP. IP hushughulikia anwani na safari ya pakiti. TCP huzihesabu, huzipanga, na huagiza iliyopotea ipelekwe tena.

Linux nayo ilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Kwa maana halisi ni jina la kiini tu, yaani sehemu inayogawa kumbukumbu na muda wa kazi baina ya programu. Zana nyingi zinazokizunguka zilitokana na mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983.

Usaili wenyewe waweza kufanywa kwa Kiingereza. Hata hivyo, aliyekwisha kuielewa dhana kwa lugha yake hutafuta maneno tu, wala hatafuti maana. Kwa hiyo mfasiri anapochagua istilahi, na mwalimu anapoifafanua, wajue kwamba riziki ya mtu yaweza kutegemea uwazi wa neno hilo.