Ugomvi wa Unene wa Plastiki na Gunia la Mahindi

Kila ifikapo tarehe 28 Agosti, siku ambayo marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2017, husifiwa mitaro iliyosafika, ilhali katika eneo la mahindi linaloanzia Kitale hadi Bungoma, swali zito zaidi ni plastiki ipi inayofaa kuhifadhi nafaka.

Huko gunia la juti lilipisha gunia la plastiki iliyofumwa, na mwaka 1983 dumuzi, mdudu mharibifu wa nafaka wa milimita tatu hadi nne anayetoboa hata mbao, akaonekana Kenya akitokea Tanzania.

Ugomvi ulioteka masikio, hata hivyo, ulihusu unene wa mifuko ya kubebea bidhaa. Mwaka 2007 Serikali ilipiga marufuku mifuko isiyofikia mikroni 30, mikroni ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Mwaka 2011 kiwango kikapandishwa hadi 60, wenye viwanda wakapinga, na mara zote mbili amri ikabaki kwenye makaratasi. Februari 2017 Waziri wa Mazingira, Judi Wakhungu, alichapisha katika Gazeti Rasmi tangazo lisilojali unene, lenye adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, na Juni 2018 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaliunga mkono. Vifungashio vya viwandani viliachwa nje ya marufuku, na pengine hiyo ndiyo hekima kubwa zaidi ya tangazo hilo.

Hata kabla ya amri hizo sayansi ilikuwa imekwisha kuuacha unene nyuma. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Toyota nchini Japani walichanganya nailoni na vibamba vya udongo vyenye unene wa takriban nanomita moja, yaani sehemu ya bilioni ya mita, na ikadhihirika kwamba oksijeni hulazimika kuzunguka vibamba hivyo kama mtu anayepenya katikati ya vibanda siku ya soko, hivyo utando mwembamba wenye vibamba ukaweza kuziba hewa zaidi ya mnene usio navyo.

Mfuko wa PICS wa kuhifadhia nafaka, uliobuniwa nchini Kameruni kwa ajili ya kunde na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, hauna vibamba hivyo vya udongo: hutegemea tabaka mbili za polithini za mikroni 80 ndani ya gunia lililofumwa, ili wadudu wamalize oksijeni na kufa, lakini dumuzi huweza kuitoboa polithini hiyo, na tundu likiwepo hewa huingia tena.

Kitale, makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1956, imejijengea sifa kwa mbegu, na ni aibu kwamba gunia halijapewa heshima kama hiyo. Wanaoandika kanuni zijazo za plastiki na wapime kwanza ni hewa kiasi gani inayopenya, ndipo wazungumzie mikroni.