Uhispania na Moroko kwa likizo moja: Yapasayo kujulikana kabla ya kuvuka

MSAFIRI akisimama bandarini Tarifa, mji ulio kwenye ncha ya kusini ya Uhispania, siku isiyo na ukungu huiona Afrika kwa macho yake. Milima ya Moroko iko ng'ambo ya maji, na pale mlangobahari wa Gibraltar unapokuwa mwembamba zaidi, umbali ni kilomita 14 hivi. Feri huchukua takriban saa moja kufika Tangier. Kwa sababu hiyo, Mkenya mwenye likizo ya siku tisa au kumi anaweza kuzuru nchi mbili zilizo katika mabara mawili, zenye dini, lugha na sarafu mbalimbali, bila kupanda ndege baina yazo.

Hata hivyo, maji hayo membamba ni mpaka mzito. Viza ya Schengen humruhusu mgeni kutembea Uhispania na katika nchi nyingine za mkataba huo, lakini Moroko haimo. Anayevuka kwenda Tangier huwa amekwisha kutoka Schengen, na akitaka kurudi Uhispania kupanda ndege ya nyumbani, huhesabiwa kuwa anaingia upya. Basi na aisome vyema viza iliyobandikwa katika pasipoti yake, mahali paonyeshapo idadi ya kuingia. Pakiwa na 01, ameruhusiwa mara moja tu. 02 ni mara mbili. MULT ni mara nyingi, maadamu muda wa viza haujakwisha.

Nalisema hili kwa kuwa lilinifika. Wakala aliyetuandalia safari jijini Nairobi alituhakikishia kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Ni mke wangu aliyegundua, tukiwa tayari tumefika Tarifa, kwamba pasipoti yake ilikuwa na MULT na yangu 01, ilhali tiketi zetu za kurudi zilianzia Madrid. Tulivuka, lakini nililazimika kununua tiketi nyingine ya kurudi nyumbani kutoka Casablanca, naye akarudi peke yake kupitia Madrid. Lawama za wakala hazikurudisha fedha zile, wala kosa halikuwa lake peke yake: viza nilikuwa nayo mfukoni wiki tatu nzima nisiisome.

Anayeomba viza na aeleze mapema kwamba atatoka na kurudi, na aonyeshe tiketi za feri au mpango wa safari kamili. Ada ya mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari sharti iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Njia iliyo salama zaidi ni kununua tiketi ya ndege inayotua Madrid na kuondokea Casablanca, hivi kwamba haja ya kurudi Ulaya inaondoka kabisa. Moroko nayo ina masharti yake ya kuingia, ambayo yafaa kuthibitishwa katika ubalozi wake jijini Nairobi kabla ya kulipa nauli yoyote.

Ukishavuka, utaona kuwa tofauti za nchi hizi hazikai pale zinapotarajiwa. Chukua mfano wa Córdoba, mji usio mbali na Madrid kwa treni ya kasi. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa mwaka wa 785, na nguzo zake, zaidi ya 800, zingali zimesimama. Mji ulipotekwa na Wakristo mwaka wa 1236, msikiti ukageuzwa kanisa, na katika karne ya 16 kanisa kuu likajengwa katikati ya nguzo hizo. Leo mtu wa dini yoyote huingia kwa tiketi, lakini Mwislamu haruhusiwi kuswali humo. Kisha nenda Fes, upande wa pili wa maji, kwenye msikiti wa Qarawiyyin ulioasisiwa mwaka wa 859. Hapo Mwislamu huingia bila malipo, naye asiyekuwa Mwislamu husimama mlangoni akachungulia ua na chemchemi yake. Yeyote utakayekuwa, mojawapo ya majengo haya mawili litakuwekea mpaka, na binafsi sijui safari nyingine fupi inayomfundisha mtu hilo kwa miguu yake mwenyewe.

Msikilizaji wa Kiswahili ana faida yake pia. Gibraltar ni Jabal Tariq, yaani jabali la Tariq, jemadari aliyevuka kutoka Afrika mwaka wa 711. Neno la Kihispania "azúcar" ni sukari yetu, na "hasta", lenye maana ya mpaka, hunasibishwa na "hatta" ya Kiarabu iliyotupa "hata", kama tunaposema mtu alikesha hata alfajiri. Vichochoro vya Fes, ambamo magari hayaingii na punda ndio wachukuzi, havitamshangaza aliyewahi kufika Lamu. Kinachoshangaza ni harufu ya viwanda vya ngozi, ambako kinyesi cha njiwa hutumika kulainishia ngozi. Wageni hupewa jani la mnanaa wanuse.

Tangier kwenyewe ndiko alikozaliwa Ibn Battuta mwaka wa 1304. Aliondoka akiwa kijana mwaka wa 1325, na miaka michache baadaye akafika Mombasa na Kilwa. Yeye alikuja kwetu bila kuulizwa idadi ya kuingia.

Wapo pia wasiopata viza wala feri. Vijana wa Moroko na wa nchi zilizo kusini mwa Sahara hujaribu kuvuka maji hayo kwa mashua dhaifu, na wengi wamezama. Abiria anywaye kahawa kwenye feri huvuka bahari ile ile kwa muda wa saa moja. Ni vigumu kuitazama kwa raha tupu.

Yaliyosalia ni madogo, ingawa huweza kuharibu siku. Tangu 2018 Moroko haibadilishi saa zake isipokuwa wakati wa Ramadhani, hali Uhispania hubadilisha Machi na Oktoba. Kwa hiyo wakati wa kiangazi Tangier huwa nyuma ya Tarifa kwa saa moja. Mhispania hula chajio saa tatu au saa nne usiku, na maduka mengi hufungwa Jumapili. Fes hupoa Ijumaa adhuhuri. Kutoka Tangier hadi Casablanca kuna treni ya kasi iliyozinduliwa Novemba 2018, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, nayo huchukua saa mbili na dakika chache. Aendaye Fes hubadilisha treni Kenitra. Dirhamu hubadilishwa ukiwa ndani ya Moroko. Zitakazobaki zibadilishwe kabla ya kuondoka, kwa maana si rahisi kupata wa kuzipokea Nairobi.