Tarehe ya Mtaa wa Wahuguenot wa New Paltz

Mji wa New Paltz, ulio kando ya mto Wallkill katika jimbo la New York, Marekani, ulianzishwa na Wahuguenot, yaani Waprotestanti wa Kifaransa waliohama makwao kwa kudhulumiwa kwa sababu ya dini yao, na mtaa wao wa nyumba za mawe ungaliko hadi leo. Kiongozi wao alikuwa Louis DuBois, mzaliwa wa Wicres karibu na Lille, aliyekimbilia Mannheim, akamwoa huko Catherine Blanchan mwaka 1655, kisha akavuka bahari mwaka 1660. Mnamo Mei 1677 yeye na wenzake kumi na mmoja waliwapa Waesopus, wenyeji wa nchi ile, masufuria 40, mashoka 40, mashati 40, visu 100, farasi wawili na vitu vinginevyo, wakapata ardhi ya ekari zipatazo 40,000, na mwezi Septemba gavana Edmund Andros akaithibitisha milki hiyo kwa hati. Mwenye kusema kwamba wote kumi na wawili walikuwa sawa, na aitazame hati yenyewe, kwani imetolewa kwa Louis DuBois na washirika wake, na wanawe wawili, Abraham na Isaac, wamo katika idadi hiyo. Waliosalia ni wa koo za Deyo, Hasbrouck, Bevier, LeFevre, Crispell na Frere.

Kabla ya hayo, Juni 1663, Waesopus walivamia makazi ya Wazungu wakamteka Catherine pamoja na watoto wake, nao wakakaa utekani miezi mitatu. Wazee wa ukoo husimulia kwamba kuni zilikwisha kupangwa ili achomwe moto, naye akaanza kuimba Zaburi ya 137, watekaji wakapendezwa wakamtaka aendelee, na alipokuwa akiimba mumewe akatokea na askari, wakawaokoa wote. Tena husema kuwa ni katika safari hiyo Louis alipoliona bonde lenye rutuba alilokuja kulinunua.

Mji ulitawaliwa na Duzine, yaani baraza la watu kumi na wawili kutoka koo za waanzilishi. Kuhusu nyumba, ile ya mwanzilishi Jean Hasbrouck ilidhaniwa kujengwa naye mwenyewe, lakini pete za miti ya boriti zake zimeonyesha kuwa ilijengwa mwaka 1721, zama za mwanawe Jacob. Ndani yake mna jiko lisilo na kuta za ubavuni, ambalo moshi wake hupanda moja kwa moja kwenye dohani iliyoanzia darini. Kazi za shamba na jikoni zilifanywa pia na Waafrika waliotumikishwa utumwani, ambao wengine walilazwa katika vyumba vya chini ya nyumba hizo, na utumwa haukukomeshwa New York hadi tarehe 4 Julai 1827. Wazao wa waanzilishi waliunda chama mwaka 1894, wakainunua nyumba ya Jean Hasbrouck mwaka 1899, na mwaka 1960 serikali ya Marekani iliutangaza mtaa huo kuwa eneo la kihistoria la taifa.