Mkia wa Mshale

Babu yangu alikuwa fundi saa. Meza yake ilikaa barazani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, Tanga: sanduku la kioo, koleo ndogo, brashi, kikombe cha petroli ya kuoshea vyuma, na lenzi nyeusi aliyoibana jichoni kwa miaka mingi mpaka ikamwachia alama ya duara isiyofutika. Ukutani nyuma yake zilining'inia saa mbili. Mshale mfupi wa moja ukiwa kwenye saba, wa pili ulikuwa kwenye moja, na zote zilikwenda sawasawa. Mteja aliyekuja kuchukua saa yake aliulizwa kabla ya kulipa: "Nikutilie majira ya Kizungu au ya Kiswahili?"

Kwa miaka ninayoikumbuka mimi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wengi walishachagua ya Kizungu kwa sababu ya shule, ofisi na garimoshi. Wazee wachache tu, wale waliokuja na saa za mfukoni zenye mnyororo, walisema: "Ya kwetu." Lakini hata hao wa Kizungu hawakuisoma saa kwa Kizungu. Mshale ukiwa kwenye tisa asubuhi, walisema saa tatu bila kusita. Nilipomuuliza babu wanafanyaje, alinigeuzia saa ya mezani akanionyesha kwa ncha ya koleo. "Usitazame kichwa cha mshale, mjukuu wangu. Tazama mkia."

Mshale mfupi wa saa nyingi una kijimkia kinachovuka katikati na kutazama upande wa pili. Kichwa kikiwa kwenye tisa, mkia uko kwenye tatu. Kichwa kikiwa kumi, mkia uko nne. Namba zinazotazamana kwenye uso wa saa hupishana kwa sita siku zote. Kwa hiyo sikuwahi kujifunza kutoa sita wala kujumlisha sita. Nilisoma mkia, na mpaka leo nasoma mkia.

Tangu hapo habari za saa hazijaniacha. Ninalo daftari ninamoandika kila ninachokuta, na kwa kadiri linavyojaa ndivyo ninavyozidi kukataa maneno niliyoambiwa shuleni, kwamba saa ya Kiswahili ni saa ya Kizungu iliyopinduliwa.

Neno saa lenyewe limetoka Kiarabu, likaja na maana zake zote mbili, chombo na muda. Hesabu nayo inafuata jua. Kwa watu wa pwani siku mpya iliingia magharibi, si usiku wa manane, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwa bibi yangu ulikuwa ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Jua likishatua, unahesabu saa za usiku kumi na mbili. Likichomoza, unaanza upya saa za mchana kumi na mbili. Magazeti yetu yanaujua mgongano uliokuja baadaye na siku inayoanza usiku wa manane. Ajali ya saa nane za usiku huandikwa kwamba imetokea usiku wa kuamkia jana. Maneno ni marefu kidogo, ila hayamwachi msomaji njia panda.

Na hatukuwa peke yetu. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya walihesabu saa zao kuanzia magharibi, mpaka Uturuki ilipohamia saa za Ulaya mwaka 1926. Wao walikuwa na taabu ambayo sisi hatukuijua. Mjini Istanbul magharibi ya kiangazi na ya majira ya baridi hupishana kwa kama saa 3, hivyo mwenye saa ilimpasa kuirekebisha mara kwa mara. Tanga jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Tofauti ni nusu saa tu. Hapa karibu na ikweta mtu anaweza kuitia saa yake majira ya jua, akaiacha. Waethiopia, ambao ufalme wao uliingia Ukristo tangu karne ya 4, nao husema saa moja pale mshale wa Mzungu unapoonyesha saba. Kwa hiyo si jambo la dini moja.

Hilo la dini lilinijia kwa namna nyingine. Mwalimu wangu mmoja, Mlutheri kutoka Lushoto, alinifungulia Biblia yake ya Kiswahili mahali penye mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba anatoka kutafuta vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa, mwisho saa kumi na moja, jua likikaribia kutua. Namba hizo ni zilezile za Kigiriki cha kale, maana wakati ule nao walihesabu kuanzia macheo. Msomaji wa Kizungu lazima aelezwe. Mswahili anaelewa papo hapo kwamba yule wa saa kumi na moja amefanya kazi saa moja tu. Nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyekuta jina la babu yake katika kitabu cha zamani.

Saa ya Kizungu ilitujia na amri. Tarehe 27 Agosti 1896, Unguja, Waingereza walimpa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, mpaka saa tatu asubuhi ateremshe bendera na kutoka ikulu. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari ikaanza. Dakika kama 40 baadaye yote yalikuwa yamekwisha, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wameuawa au kujeruhiwa. Mnara wa taa uliosimama mbele ya ikulu uliharibiwa, na mwaka 1897 jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, likaongezewa mnara wa saa. Sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Bara, reli ndiyo iliyoileta saa ya Kizungu polepole; yetu ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na garimoshi halimsubiri mtu anayetazama kivuli.

Watu hawakuitupa hesabu yao. Waliweka ya pili kando yake, kama walivyofanya katika juma. Jumatano ni siku ya tano kwa kuhesabu kutoka Jumamosi. Alhamisi inayoifuata nayo ni ya tano, kwa Kiarabu, kwa kuhesabu kutoka Jumapili. Tano mbili zimelala jirani kwa karne nyingi, na hakuna mtoto aliyekosa shule kwa sababu hiyo.

Simu ndiyo iliyonitia wasiwasi, maana haina mkia. Inaandika 09:00, na mjukuu wangu wa miaka minane anahesabu vidole kurudi nyuma sita kabla ya kunijibu saa tatu. Nimeiweka simu yangu kwa Kiswahili: majina ya siku yamebadilika, miezi imebadilika, 09:00 imebaki palepale.

Halafu ikaja habari ya tiketi. Zamani tiketi ya basi iliandikwa kwa kalamu, na karani akiandika 12:00 ilikuwa alfajiri, hakuna aliyeuliza. Mwaka juzi, siku mbili baada ya Idi, nilikata tiketi ya Dar es Salaam kwa simu. Ujumbe ulisema: kuondoka 12:00. Nilifika stendi saa kumi na mbili kasorobo, giza bado halijatoka vizuri. Kijana wa kampuni akatazama ujumbe wangu, akaniambia, "Mzee wangu, hii ni saa sita mchana." Mabasi yote ya asubuhi yalikuwa yamejaa. Nilikaa pale saa sita, ile sita ileile ya mkia na kichwa. Ndoa ya mpwa wangu niliyokuwa naiendea ilifungwa baada ya alasiri. Mimi nilifika magharibi imeshaadhiniwa, wanawake wakikusanya sahani.

Ninyi mnaotengeneza programu za tiketi, za hospitali na za benki, siwaombi mpindue mitambo yenu. Kando ya namba ongezeni neno moja ambalo kila karani wa kalamu alilijua: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Nawe msomaji, kama ukutani kwako bado kuna saa yenye mishale, mwite mtoto leo, umwonyeshe mkia.