Biashara United katika Kombe la Shirikisho Afrika 2021–2022

Biashara United katika Kombe la Shirikisho Afrika 2021–2022 ni ushiriki wa kwanza wa klabu ya Biashara United ya Musoma, mkoa wa Mara, Tanzania, katika mashindano ya klabu yanayoandaliwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Klabu hiyo iliitoa Dikhil ya Djibouti katika raundi ya kwanza, kisha ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2–0 katika mchezo wa kwanza wa raundi ya pili uliochezwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 2021. Mchezo wa marudiano haukuchezwa kwa sababu timu haikufika Libya, na Al Ahli Tripoli ikapita kwa ushindi wa mezani.

Tukio hilo hutajwa mara nyingi linapozungumzwa suala la klabu za mikoani na michuano ya kimataifa: nani anaigharamia, nani anaishabikia, na kama mashabiki wenyewe wanaihesabu kuwa jambo lao.

Klabu na mji wake

Biashara United ilianza ikiitwa Polisi Mara. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, wakati ligi ilipoongezwa kutoka timu 16 hadi 20. Uwanja wake wa nyumbani ni Karume, uliopo Musoma, mji mkuu wa mkoa wa Mara kando ya Ziwa Viktoria. Mashabiki huiita “Wanajeshi wa Mpakani”, kwa kuwa Mara inapakana na Kenya. Ujirani huo ulionekana hata katika benchi la ufundi: msimu wa 2020–2021 timu ilifundishwa na Francis Baraza kutoka Kenya.

Eneo ambalo klabu hii inaliwakilisha ni pana kuliko Musoma. Bunda iko kwenye barabara kuu iendayo Mwanza, karibu na Hifadhi ya Serengeti. Butiama ni mahali alipozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere. Kwa miaka mingi mpenzi wa soka wa wilaya hizi hakuwa na timu ya mkoa wake katika Ligi Kuu. Alichagua Simba au Yanga, kama Watanzania wengi wa mikoa mingine, na uchaguzi huo mara nyingi alirithi kwa baba, mjomba au kaka. Biashara United ilipopanda daraja ilikuta uaminifu huo umekwisha jengeka. Ni kawaida mtu wa Musoma kuwa na timu mbili: ya mkoa, na ile kubwa ya Dar es Salaam. Ugumu huja timu hizo mbili zinapokutana, kwa sababu hapo ndipo jukwaa la nyumbani hugawanyika.

Namna nafasi ilivyopatikana

Kombe la Shirikisho ni mashindano ya pili kwa ukubwa ya klabu barani Afrika, baada ya Ligi ya Mabingwa. Lilianza mwaka 2004 baada ya kuunganishwa Kombe la Washindi na Kombe la CAF. Idadi ya klabu ambazo nchi inaruhusiwa kuingiza hutegemea pointi zinazokusanywa na klabu zake katika misimu iliyotangulia. Nchi 12 za juu hupewa nafasi nne, yaani mbili katika kila mashindano. Nyingine zote hupewa mbili.

Kwa hiyo Biashara United ilifika Afrika kwa miguu yake na kwa miguu ya wengine. Simba ilicheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2018–2019 na tena 2020–2021, ilipotolewa na Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini kwa jumla ya mabao 4–3. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, nayo ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2020–2021. Matokeo hayo yaliipa Tanzania nafasi nne za msimu wa 2021–2022. Simba na Yanga zilikwenda Ligi ya Mabingwa, Azam ilichukua nafasi ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, na ya nne ikabaki kwa timu iliyomaliza ya nne katika ligi: Biashara United.

Kumaliza ya nne lilikuwa jambo kubwa kwa klabu iliyokuwa na misimu mitatu tu katika Ligi Kuu. Msimu huohuo ilifika pia nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la ndani na kutolewa na Yanga kwa bao 1–0.

Michezo

Raundi ya kwanza ilichezwa Septemba 2021. Biashara United ilishinda 1–0 ugenini dhidi ya Dikhil na kuongeza ushindi wa 2–0 nyumbani, ikapita kwa jumla ya mabao 3–0.

Neno “nyumbani” hapa linahitaji maelezo. Mechi za CAF huchezwa katika viwanja vilivyokaguliwa na kuidhinishwa na shirikisho hilo, na Karume haukuwa miongoni mwao. Nyumbani kwa Biashara United kimataifa kulikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara kutoka Musoma. Shabiki wa Bunda aliyetaka kuiona timu yake dhidi ya wageni kutoka nje alihitaji nauli ya basi ya kwenda na kurudi, malazi, na siku zisizopungua tatu za kuacha kazi. Wengi walibaki na televisheni. Waliokaa jukwaani Dar es Salaam walikuwa mchanganyiko wa watu wa Mara waishio jijini na wapenzi wa soka wa timu nyingine.

Katika raundi ya pili Biashara United ilipangwa na Al Ahli Tripoli, moja ya klabu kongwe na zenye uwezo mkubwa wa fedha nchini Libya. Wachache waliipa timu ya Musoma nafasi. Ilishinda 2–0. Uzito wa matokeo hayo unaonekana zaidi yakiwekwa pembeni ya klabu nyingine za nchi katika hatua hizo za awali: Yanga ilikuwa imekwisha tolewa na Rivers United ya Nigeria kwa kufungwa 1–0 nyumbani na 1–0 ugenini, na Azam ilitoka sare ya 0–0 na Pyramids ya Misri kabla ya kufungwa 1–0 huko Cairo.

Wakati huo CAF ilikuwa bado ikitumia kanuni ya bao la ugenini. Al Ahli Tripoli ilihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao matatu, au 2–0 ili kwenda kwenye penalti. Kama Biashara United ingepata bao moja tu Libya, wenyeji wangelazimika kufunga manne. Kwa mahesabu ya soka, timu ya Musoma ilikuwa mbele kwa umbali mzuri.

Safari isiyofanyika

Marudiano yalipangwa kuchezwa Libya wiki iliyofuata. Timu haikusafiri. Maelezo yaliyotolewa wakati huo yalihusu ugumu wa kupata usafiri na vibali kwa wakati pamoja na gharama zake, na mjadala kuhusu nani alipaswa kufanya nini uliendelea kwa muda katika vyombo vya habari vya michezo. Kwa kanuni za mashindano, timu isiyofika uwanjani hupoteza mchezo na kutolewa, bila kujali matokeo ya mkondo wa kwanza.

Kwa nini safari moja iishinde klabu ya Ligi Kuu? Jibu liko zaidi katika mpangilio wa fedha kuliko katika soka. Katika miaka hiyo CAF haikuwa ikitoa zawadi ya fedha kwa raundi za awali. Fedha zilianza hatua ya makundi, ambako hata timu ya mwisho ya kundi la Kombe la Shirikisho ilipata dola za Marekani 275,000. Kabla ya kufika huko klabu ilipaswa kushinda raundi mbili, kisha raundi ya ziada ya mtoano dhidi ya timu iliyotolewa katika Ligi ya Mabingwa, na kujilipia ndege, hoteli na vipimo vya UVIKO-19 muda wote. Kwa klabu yenye mfadhili mkubwa huo ni mtaji wa kusubiri faida. Kwa klabu ya mkoa isiyo na mfadhili wa aina hiyo, ni deni.

Mfano wa Namungo wa miezi minane kabla yake unafaa kulinganishwa. Februari 2021 Namungo ilifika Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, lakini mamlaka za Angola ziliizuia kwa sababu za UVIKO-19 na mchezo haukufanyika. CAF ilihamishia michezo yote miwili Dar es Salaam, na Namungo ikapita kwa jumla ya mabao 7–5. Tofauti ni kwamba Namungo ilikuwa imekwisha fika.

Mashabiki na timu ya kimataifa

Je, mashabiki walijali? Swali la kiasi gani mpenzi wa mchezo anaguswa na mashindano ya timu za kimataifa haliko kwenye soka pekee. Linajitokeza hata katika gofu, ambamo mchezaji hujipigania peke yake karibu mwaka mzima. Ryder Cup, iliyoanza mwaka 1927 na ambayo tangu 1979 huikutanisha Marekani na Ulaya, huvuta umati na kelele kama za uwanja wa mpira ingawa kwa miaka mingi wachezaji hawakulipwa kushiriki. Presidents Cup, iliyoanza 1994, inaikutanisha Marekani na timu ya nchi zote zilizobaki nje ya Ulaya, na haijawahi kupendwa kiasi kile. Sababu moja ni kwamba Marekani imeshinda karibu kila mara. Timu ya kimataifa imeshinda mwaka 1998 tu na kutoka sare 2003, Afrika Kusini. Sababu nyingine ni kwamba shabiki hajui vizuri timu inayokusanya Waaustralia, Wakorea na Waafrika Kusini ni ya nani.

Kwa Biashara United hali ilikuwa kinyume. Timu ilijulikana ni ya nani, lakini wenyewe walikuwa mbali na uwanja. Desturi ya Tanzania nayo inachanganya mambo. Klabu ya nchi inapocheza na wageni, husemwa kwamba inabeba bendera ya taifa na wote waiunge mkono. Papo hapo wapo mashabiki wa Yanga wanaoishangilia timu ngeni dhidi ya Simba, na wa Simba wanaofanya vivyo hivyo. Biashara United haikuwa na mtani wa aina hiyo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiombea mabaya. Lakini kutokuwa na adui hakumaanishi kuwa na wafuasi wengi, na wiki ambayo safari ya Libya ilikwama, macho ya nchi yalikuwa zaidi kwa Simba, iliyotolewa Ligi ya Mabingwa na Jwaneng Galaxy ya Botswana kwa kufungwa 3–1 katika uwanja wa Benjamin Mkapa.

Baada ya hapo

Al Ahli Tripoli iliendelea hadi nusu fainali ya mashindano hayo, ilikotolewa na Orlando Pirates ya Afrika Kusini. Kombe lilichukuliwa na RS Berkane ya Moroko mwezi Mei 2022.

Biashara United ilimaliza msimu wa 2021–2022 ikiwa miongoni mwa timu mbili zilizoshuka daraja moja kwa moja, pamoja na Mbeya Kwanza, na haikurudi Ligi Kuu msimu uliofuata.